Mauser C96 kwenye skrini: itazame inapojazwa risasi

Kati ya bastola zilizobuniwa kabla ya mwaka 1900, Mauser C96 ndiyo ambayo mtazamaji wa leo huitambua kwa haraka zaidi, hata kama hajui jina lake. Magazini yake iko mbele ya kifyatulio, mtutu ni mwembamba na mrefu, mpini ni wa mviringo kama wa ufagio, na ala yake ya mbao hupachikwa nyuma ikawa kitako. Waongozaji wa filamu wanaipenda kwa sababu hiyohiyo: ikitokea kwenye picha kwa sekunde mbili tu, mtazamaji anajua huyu aliyeishika si mtu wa kawaida.

Ubishi unaanzia hapo. Wanaozifahamu silaha za kale hulalamika kwamba sinema imeigeuza C96 kuwa pambo. Wanasema imepachikwa kwenye vita ambavyo haikutumika, ikapewa uwezo ambao haikuwa nao, na imewafundisha watu uongo. Wapenzi wa sinema nao hujibu kwamba bila skrini bastola hii ingekuwa imesahauliwa kwenye makabati ya makumbusho, na kwamba filamu haidaiwi kuwa kitabu cha mafunzo ya jeshi. Pande zote mbili zina hoja za kweli. Ila naona wanabishania zaidi nani ameishika na mwaka gani, wakati makosa mazito yako kwenye namna inavyojazwa na namna inavyoisha risasi.

Kwanza tuielewe mashine yenyewe. Ilibuniwa na ndugu watatu, Fidel, Friedrich na Josef Feederle, kwenye kiwanda cha Mauser mjini Oberndorf, Ujerumani. Mfano wa kwanza ulikuwa tayari mwaka 1895, uzalishaji ukaanza mwaka uliofuata na kuendelea hadi 1937. Kwa jumla zilitoka takriban milioni moja. Risasi yake ya kawaida ni ya milimita 7.63 kwa 25. Kichwa chake kina uzito wa gramu 5.5 hivi na hutoka kwa mwendo wa karibu mita 430 kwa sekunde, kasi kubwa sana kwa bastola ya wakati ule. Bastola tupu ina uzito wa zaidi kidogo ya kilo moja na urefu wa sentimita 31, mtutu ukichukua sentimita 14. Ndani yake hakuna skrubu hata moja: vipande vimechongwa vikashikana vyenyewe, na skrubu pekee utakayoiona ni ile inayobana mbao za mpini.

Inapofyatuka, mtutu na bolti, yaani kipande cha chuma kinachoziba nyuma ya mtutu, hurudi nyuma pamoja kwa milimita chache vikiwa vimefungamana. Kipande kidogo cha chuma chini ya bolti kisha huinama na kuiachia, mtutu unasimama, bolti inaendelea kurudi peke yake, inatupa ganda, inaiacha nyundo ikiwa imesimama, halafu inarudi mbele na risasi nyingine. Hii ina maana kwamba baada ya kila risasi nyundo iko tayari. Mhusika anayeivuta kwa dole gumba kabla ya kila mlio, ili tusikie ule mlio wa kutisha, anafanya kazi ambayo mashine imeshaifanya.

Sasa tuje kwenye magazini, ambayo ndiyo roho ya mjadala huu. Magazini ya C96 haichomoki. Ni sehemu ya fremu na hubeba risasi kumi. Ili kuijaza, mpiga risasi anavuta bolti nyuma kwa kushika masikio yake mawili. Magazini ikiwa tupu, sahani inayosukuma risasi juu huizuia bolti isirudi. Kisha anachukua klipu, kipande chembamba cha chuma kilichobeba risasi kumi kwa mstari, anaichomeka wima kwenye mifereji iliyo juu ya bastola, na kuzisukuma risasi zote chini kwa dole gumba kwa mkandamizo mmoja ulionyooka. Akiivuta klipu, bolti huruka mbele yenyewe na kuingiza risasi ya kwanza kwenye chemba, mahali risasi inapokaa nyuma ya mtutu. Bastola iko tayari.

Mtu aliyezoea hutumia sekunde chache, lakini mambo ya kuharibika ni mengi. Ukisukuma karibu na vichwa vya risasi badala ya upande wa vitako vya maganda, risasi zinainama na kukwama. Klipu iliyopinda kidogo huziachia tatu na kuzishika saba. Ukiivuta klipu kabla ya risasi ya kumi kuingia, bolti hujifunga juu ya risasi iliyosimama vibaya. Na usipokuwa na klipu kabisa, kazi ni ngumu zaidi: ukishaweka risasi ya kwanza sahani inashuka, hakuna tena cha kuizuia bolti, na inabidi mkono mmoja uishike nyuma wakati mwingine unalisha risasi moja moja. Farasi akiwa anakimbia au mkono mmoja ukiwa na jeraha, hilo haliwezekani.

Skrini huruka karibu yote haya. Kosa la kwanza ni mhusika anayepiga risasi ishirini bila kujaza. La pili ni yule anayejaza kwa klipu vizuri kabisa, halafu kwa mazoea ya bastola za kisasa anavuta bolti tena. Kwa vitendo ameitupa chini risasi nzima. La tatu limeenea kuliko yote: risasi zinaisha, mhusika anafyatua, tunasikia "tik", uso unabadilika. C96 iliyo nzima haifanyi hivyo. Risasi ya mwisho ikitoka, bolti hubaki nyuma na kila mtu aliye mbele yake anaona kwamba imeisha. Hiyo ni hatari halisi ya vita, na ingekuwa tamthilia nzuri zaidi ya ule mlio, kwa sababu adui naye anaiona.

Mtetezi wa sinema atasema mtazamaji hajali. Sikubaliani naye. Hofu ya mtu anayetafuta klipu mfukoni huku bolti ikiwa wazi ni jambo ambalo mtazamaji yeyote analielewa bila kufundishwa. Chukua mfano wa Winston Churchill. Mwaka 1898 alikuwa na C96 aliyoinunua London, na tarehe 2 Septemba aliingia nayo kwenye shambulio la farasi la kikosi cha 21st Lancers huko Omdurman, Sudan. Alibeba bastola badala ya upanga kwa sababu bega lake lilikuwa limeteguka miaka miwili nyuma huko India. Kwa maelezo yake mwenyewe alipiga risasi zote kumi, na zilimwishia wakati anatoka upande wa pili wa umati. Filamu ya Young Winston ya 1972 ilimpa mwigizaji wake bastola ileile, na kwa hilo inastahili sifa.

Lakini wakosoaji nao wana neno juu ya Omdurman, na ni neno zito. Siku ile wapiganaji wa Sudan wafuasi wa Mahdi wapatao elfu kumi au zaidi waliuawa, na walichouawa nacho ni mizinga, bunduki za Maxim na bunduki za askari wa miguu. Bastola ya ofisa mmoja haikuamua lolote. Kamera ikiisogelea bastola, mauaji yale makubwa yanageuka kuwa mkasa wa kijana mmoja shujaa. Hilo haliondoki hata kama bastola ni sahihi hadi kwenye namba yake ya kiwandani.

Kwenye swali la nani aliibeba, naona wakosoaji mara nyingi wamekaza kamba kupita kiasi. C96 ilikuwa bidhaa ya dukani kabla ya kuwa silaha ya jeshi. Serikali zilizoinunua mapema zilichukua idadi ndogo: Uturuki iliagiza elfu moja, jeshi la majini la Italia elfu tano. Zilizobaki zilinunuliwa na maofisa kwa pesa zao, wasafiri, wawindaji, wanamapinduzi na wahalifu. Kwa hiyo filamu ya Kiitaliano Il grande silenzio ya 1968, iliyowekwa kwenye theluji ya Utah mwishoni mwa karne ya 19, haikufanya kosa kumpa mhusika wake mkuu bastola hii dhidi ya watu wenye bastola za silinda. Mtu mwenye pesa angeweza kuwa nayo, na tofauti ya kasi kati ya silaha hizo mbili ndiyo kiini cha hadithi. Joe Kidd ya 1972 nayo iliitumia na kitako chake cha mbao, na hapo ilionyesha jambo ambalo filamu nyingi husahau: ikiwa na kitako begani, hii ni karibu bunduki ndogo, ya kuaminika kwa mita mia moja na kidogo zaidi. Alama za shabaha zilizochorwa hadi mita 1000 kwenye bastola nyingi za aina hii zilikuwa za kumvutia mnunuzi.

Urusi na China ndiko skrini na historia zinakokaribiana zaidi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wabolsheviki walinunua kwa wingi toleo lenye mtutu mfupi wa milimita 99, na picha ya kamisaa mwenye ala ya mbao kiunoni ina msingi wa kweli. China ilikuwa soko kubwa kuliko yote. Kuanzia 1919 mataifa makubwa yaliizuia isiuziwe silaha za vita, lakini bastola hazikubanwa vilevile, na C96 yenye kitako ilikuwa kitu cha karibu zaidi na bunduki ambacho mfanyabiashara angeweza kukiingiza. Makabaila wa kijeshi, polisi, majambazi na wapiganaji wa msituni wote walikuwa nayo. Huko Taiyuan, kiwanda cha Yan Xishan, mmoja wa makabaila hao, kilitengeneza nakala kubwa zaidi ya risasi ya .45 ili ilingane na bunduki zake za aina ya Thompson. Kwa hiyo filamu za Kichina za vita dhidi ya Japani zinapojaza skrini bastola hizi hazikosei. Kinachokosewa ni muda wa kufyatua.

Toleo linalomimina risasi mfululizo lilikuja kuchelewa. Wahispania walitangulia kutoa nakala za namna hiyo mwishoni mwa miaka ya 1920, Mauser ikafuata na modeli yenye magazini ya kuchomoka ya risasi kumi au ishirini, inayoitwa mara nyingi M712, ya mwaka 1932. Hizi nyingi zilikwenda China. Kasi yake ni karibu risasi 900 kwa dakika. Piga hesabu: magazini ya ishirini inakwisha kwa sekunde moja na theluthi, ya kumi kwa theluthi mbili za sekunde. Mfululizo wa sekunde tano kwenye filamu ungehitaji risasi 75. Isitoshe mtutu wa bastola ya kilo moja na kitu hupanda juu mara moja. Ndiyo maana wapiganaji wa China walijifunza kuilaza ubavu, ili mtutu unapopanda ufagie upande badala ya kuelekea mawinguni. Mtazamaji akiona mkono umelazwa hivyo hudhani ni maringo ya mwigizaji, kumbe ni sehemu ya kweli kuliko zote kwenye tukio zima. Shujaa anayemimina risasi kwa mikono miwili, bastola moja kila mkono, zikiwa zimesimama wima na kulenga mlango uleule, hana utetezi.

Kuna matumizi mengine yasiyodai kuwa historia. Silaha ya Han Solo kwenye Star Wars ya 1977 ilijengwa juu ya C96 halisi na kampuni ya Bapty ya London: mtutu ukakatwa, ukavikwa kizuia mwako cha bunduki ya rashasha, na juu ikafungwa darubini ya Hensoldt. Mwaka 2022 moja ya silaha hizo iliuzwa mnadani Marekani kwa zaidi ya dola milioni moja. Wapo wanaoumia kuona bastola ya kale imekatwa namna hiyo, na nawaelewa. Lakini kwa ukweli wa hadithi, hapa sioni kosa. Filamu haisemi hii ni Mauser, wala haimfundishi mtu jinsi ya kuijaza. Imeazima umbo tu. Wanaotaka nakala ya kuweka ukutani leo wanaweza kuanza na mfano wa zinki wa Denix usiofyatua chochote, bila kugusa ya asili.

Jambo linalogusa eneo letu moja kwa moja ni hili. Mtu akitaka kutengeneza filamu ya Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, kishawishi cha kumpa kila ofisa wa Kijerumani C96 kitakuwa kikubwa. Awe mwangalifu. Bastola rasmi ya jeshi la Ujerumani tangu 1908 ilikuwa P08, inayojulikana zaidi kama Luger. C96 ya kijeshi, ile ya risasi ya milimita 9 yenye tarakimu 9 iliyochongwa mpinini na kupakwa rangi nyekundu ili askari asichanganye risasi, ilitokana na mkataba wa 1916 wa bastola 150,000, kwa kuwa P08 hazikutosha. Koloni lilikuwa limezingirwa na manowari za Waingereza. Meli mbili tu za shehena zilipenya: Rubens mwezi Aprili 1915, kwenye ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga, na Marie mwezi Machi 1916, iliyotia nanga Sudi, kusini. Baada ya hapo hakuna meli nyingine iliyofika. Tarakimu nyekundu mkononi mwa ofisa wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani kwenye koloni hilo, ni kosa rahisi kufanya na rahisi kukamata. C96 ya 7.63 aliyoinunua ofisa mwenyewe kabla ya 1914 inakubalika kabisa. Na kama bajeti ni ndogo, pesa ziende kwenye bunduki za askari. Wengi wao mwaka 1914 walikuwa bado na Mauser ya modeli ya 1871 yenye baruti nyeusi, iliyotoa wingu la moshi kila ilipofyatuliwa na kumwonyesha adui walipo. Moshi ule ulibadilisha namna ya kupigana kuliko bastola yoyote.

Imebaki hoja ya bastola halisi dhidi ya bandia kwenye seti, ambayo imekuwa kali tangu Oktoba 2021, mpiga picha Halyna Hutchins alipouawa kwa risasi ya moto wakati wa maandalizi ya tukio la filamu ya Rust. Wanaotetea silaha halisi husema mwigizaji anahitaji kusikia mshtuko mkononi, na kwamba ganda linaloruka na bolti inayorudi haviwezi kuigizwa vizuri. Kwa C96 hoja hiyo ni dhaifu kuliko inavyoonekana. Risasi baridi, yaani ganda lenye baruti bila kichwa, haina msukumo wa kutosha kuendesha bastola ya mfumo huu. Inabidi mtutu uzibwe kwa kizibo chenye tundu dogo ili gesi ikusanyike. Lakini gesi hiyo huisukuma kizibo mbele, na mtutu pamoja nacho, huku ikiisukuma bolti nyuma, na vitu hivyo viwili vimefungamana. Ili ifanye kazi, mafundi kwa kawaida huondoa au huchonga ule ufungaji. Matokeo yake, bastola "halisi" ya kwenye filamu haiendi kama C96: bolti inarudi, mtutu umetulia tuli. Punguza mwendo wa picha utaona. Tena bastola iliyochongwa hivyo haifai kabisa kupigiwa risasi ya moto, maana hakuna kinachoishikilia bolti.

Umri nao una lake. Bolti ya C96 huzuiwa isitoke nyuma na kipande kimoja kidogo cha chuma kinachopita ubavuni mwa fremu ya mtutu. Kikipata ufa, na chuma cha miaka mia na zaidi hupata ufa, bolti inaelekea usoni mwa anayefyatua. Kukikagua kwa lenzi ni kazi ya dakika chache, na isipofanyika bastola isifyatuliwe hata kwa risasi baridi. Zaidi ya hapo, magazini isiyochomoka huifanya iwe ngumu kuonyesha kwamba ni tupu: lazima bolti ivutwe na kila risasi itolewe moja moja, au kitako cha magazini kifunguliwe kwa kubonyeza kitufe chake. Msaidizi mwenye haraka anaweza kuona chemba tupu akasahau kilicho chini.

Kwa hiyo kwenye suala la seti nasimama na upande wa bandia, na sababu yangu kuu ni ileile ya kujaza. Tukio la kujaza halihitaji mlio wowote. Linahitaji mfano wa chuma ambao bolti yake inabaki nyuma, klipu nzuri, na risasi kumi za mfano. Kila moja iwe na ganda lililotobolewa ubavuni, isiwe na kiwashio (kile kinachogongwa na kuwasha baruti), na iwe na gololi ndogo ndani. Mtunza silaha atikise kila moja sikioni mbele ya mwigizaji kabla ya kuipanga kwenye klipu, isiyolia isiingie. Kuhusu kiwashio asione ni uangalifu wa kupita kiasi: Brandon Lee alikufa mwaka 1993 kwa sababu risasi za mfano zilitolewa baruti lakini zikaachwa na viwashio, kiwashio kimoja kikasukuma kichwa cha risasi kikakwama mtutuni, na risasi baridi iliyofuata ikakitoa. Mwako na mlio vitaongezwa baadaye kwenye kompyuta. Mwigizaji apewe siku mbili tatu za kusukuma klipu hadi dole gumba lizoee kukandamiza upande wa nyuma, na aambiwe mapema kwamba akishaichomoa klipu, bolti haiguswi tena.